Rangi Isiyo na Rangi

Mideva ameleta chupa ya rangi ya kucha,
ile isiyo na rangi, ya shilingi hamsini,
aliyoinunua sokoni Chavakali
akijua fika kwamba shule hairuhusu.
Leo inaruhusu. Leo nimemwambia apake.

Si kucha. Jani.
Mgongo wa jani la mforsadi, kando ya mshipa mkubwa,
tabaka moja jembamba, kisha tungoje
kama wangojavyo bibi harusi na wapambe wake,
vidole juu, hatugusi kitu.

Utepe wa gundi: bandika, bandua.
Kinachotoka si jani, ni alama yake,
kama unyayo kwenye udongo mwekundu
baada ya mvua ya saa tisa.

Hadubini tunayo moja, na taa yake iliungua
kabla sijahamishiwa hapa. Naisogeza dirishani,
nageuza kioo cha chini mpaka kinase jua,
na jua linapanda bombani, linapenya alama,
linaniingia jichoni likiwa limejaa vinywa.
Matundu ya kupumulia, mamia,
kila moja na seli zake mbili za ulinzi
zimeinamiana kama maharagwe yanayosengenya.

Mti wa nyuma ya choo: mikroni kumi na tisa,
ishirini, kumi na tisa.
Wa langoni, hivyo hivyo.
Kisha jani kutoka kwa Kavugwi.
"Mwalimu, haya yamenona."
Ishirini na sita. Ishirini na tano. Ishirini na saba.
Tena machache, yameachana
kama maboma ya Uasin Gishu,
si kama huku kwetu
ambako kuku wa jirani hutagia jikoni mwako.

Nachora ubaoni. Kromosomu, nasema,
huja kwa doti, kama kanga.
Lakini ipo miti yenye doti na kipande,
kila ua lina vipande vitatu.
Haya, wagawieni mabinti wawili, bila mkasi.
Darasa zima linacheka. Ondego bado anajaribu,
anakunja vidole, anakunjua.
Ndiyo maana, nasema, forsadi za Kavugwi hazina mbegu.

Mradi wa hariri ulipokufa
(viwavi walikufa kwanza, wanunuzi wakafuata)
watu waling'oa miforsadi, wakapanda nyasi za ng'ombe.
Kavugwi aliubakiza mmoja, wenye majani
mapana kama mifuniko ya sufuria.
Yeyote apitaye humkatia kijiti.
Mti usiojua kuzaa umefika Luanda, Majengo, Kima,
umefungwa kwenye gazeti bichi,
umebebwa kwapani.

"Kwa hiyo tumehesabu kromosomu?"
Mideva huyo. Hapana, namjibu.
Tumepima mlango, tukakisia
wamelala wangapi ndani.
Na mlango huweza kudanganya: kivuli huupanua,
maji nayo yana lake,
na mti ule hunyweshwa kila jioni
maji ya kuoshea vyombo.
Kuhesabu hasa kunataka ncha ya mzizi,
dawa ya kutia rangi, lenzi tusiyo nayo.
Anaandika kwa penseli: *huenda ni seti tatu.*
Anarudia *huenda*, anaikolezea.

Saa kumi tunampelekea Kavugwi matokeo.
Anasikiliza, sahani moja mkononi, povu likidondoka.
"Mmetumia rangi ya kucha
kujua kwamba mti wangu ni mkubwa?"
Naanza kueleza. Doti, kipande, mabinti.
Hanisikii. Anakung'uta povu,
anapangusa mkono kwenye leso, kidole kwa kidole,
anaunyosha kwa Mideva.

"Imebaki?"

Imebaki, chini kabisa.
Mideva anainamisha chupa, anakwangua kwa brashi,
anaanza na kidole gumba.
Nasi tunasimama pale, mvua imechelewa,
tukingoja ikauke.